Wateja wanasema pad thai yangu inanuka dagaa. Niwasikilize wote?

Shangazi, shikamoo.

Ninaishi Nyegezi, hapa Mwanza. Kabla ya kuolewa nilifanya kazi Dar es Salaam kwenye mgahawa wa chakula cha Kithai. Niliingia kama muosha vyombo, nikatoka nashika karai mwenyewe. Mume wangu alipohamishiwa huku sikutaka kukaa bure. Nikakodi fremu ndogo, nikanunua jiko kubwa la gesi, nikaanza kupika Kithai cha kufungasha. Sina meza wala viti. Mteja anapiga simu, kisha anakuja kuchukua au namtumia kwa bodaboda.

Vyakula vyangu ni vinne tu. Kuna pad thai, zile tambi za mchele zinazokaangwa na yai na ukwaju, juu yake karanga zilizopondwa. Kuna kari ya kijani ya kuku, tom yum, ile supu chachu yenye pilipili, ambayo naipika kwa sangara, na saladi ya papai bichi. Mwanzoni watu walijaa kwa sababu ya ugeni wa kitu. Sasa maneno yamekuwa mengi kuliko oda.

Mama mmoja wa Butimba alinitumia ujumbe mrefu wa sauti: pad thai inanuka dagaa, na dagaa anao nyumbani, hana haja ya kuwanunua kwangu. Mwingine wa Mkolani akasema ni chachu mno. Wanafunzi wa Malimbe wanasema pilipili imepungua, eti nimeanza kuogopa. Wapo wanaolalamika kari ni majimaji, haikai kwenye wali. Mmoja aliuliza kwa nini sikumpa vijiti vya kulia kama anavyoona kwenye sinema. Kuna mama aliyeagiza pad thai bila karanga kwa ajili ya mwanawe. Siku hiyo oda zilikuwa nyingi, kijana wangu akaziondoa za juu kwa kijiko, baadaye mama akapiga simu kusema mtoto amevimba midomo na anajikuna mwili mzima. Kuna baba anayedai elfu kumi na mbili kwa kontena moja ni wizi, kwa hela hiyo angekula ugali na sato mzima, na soda juu. Mwingine anasema tambi zilimfikia zimegandamana. Dada mmoja Msabato ameacha kabisa kuagiza, nasikia kaambiwa natia uduvi kwenye kila kitu.

Na wapo wanaonisifu. Kuna kaka aliyewahi kukaa Bangkok, anasema tom yum yangu ndiyo yenyewe na nisithubutu kugusa kitu.

Nimejaribu kumridhisha kila mtu. Nilipunguza ukwaju, wakasema imekuwa sukari tupu. Nilipunguza sosi ya samaki, kaka wa Bangkok akaniambia hii sasa ni spageti. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyenikopesha mtaji, anataka niachane na Kithai niuze chipsi mayai na kuku. Tena anapendekeza marafiki zake waandike kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwamba wamekula kwangu wakaridhika, hata wale ambao hawajawahi kufika. Mume wangu ananyamaza tu.

Shangazi, nimsikilize nani?

Mpishi wa Nyegezi


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Mtoto kwanza. Umemweka katikati ya barua, kati ya mtu anayetaka vijiti na mtu anayelia bei, nami namtoa hapo nimweke mbele, kwa sababu hayo mengine yote ni maoni na hili ni ugonjwa. Midomo kuvimba na mwili kuwasha baada ya kula ni dalili za mzio. Mwenye mzio wa karanga hadhuriki na karanga anazoziona tu. Hata unga kidogo uliobaki kwenye karai, kwenye mwiko, au kwenye tambi zilizokwisha kuchanganywa unatosha. Kijana wako aliondoa karanga kwa kijiko na akadhani ameziondoa. Mtoto alipewa karanga.

Acha kusoma, mpigie mama huyo sasa hivi. Muulize mtoto anaendeleaje. Mwambie bila kuzunguka kilichofanyika jikoni siku ile, maana yeye anadhani aliletewa chakula kisicho na karanga, na kama hajui ukweli anaweza kuhisi mwanawe anadhurika na yai au samaki akamnyima bure. Mwombe ampeleke kwa daktari hata kama uvimbe umeisha. Mzio uliokuja kwa midomo leo unaweza kuja kwa kubana pumzi kesho, na hiyo ni hali ya kukimbizwa hospitali papo hapo.

Kisha weka utaratibu na kijana wako aushike kwa moyo. Mteja akisema bila karanga, kuna njia mbili. Ama unapika kwa karai safi, mwiko safi na viungo ambavyo havijakaa karibu na karanga, na unapika wewe mwenyewe. Ama unamwambia, "Samahani dada, jiko letu lina karanga kila mahali, siwezi kukuhakikishia." Fremu yako ni ndogo na karai, nadhani, ni moja. Mimi ningechagua jibu la pili. Utapoteza oda, sawa, ipotee.

Hapo hapo tunamaliza habari ya dada Msabato. Hajakusingizia. Rojo la kari ya kijani kwa kawaida lina uduvi waliosagwa na kuvundikwa na chumvi, pad thai nyingi hutiwa uduvi wakavu, na saladi ya papai vilevile. Wewe umezoea, huuoni tena. Lakini kando ya ziwa hili Wasabato ni wengi, na wao hawali kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba. Sato na sangara ruksa, uduvi hapana. Waislamu nao watataka kujua kama karai yako imewahi kukaanga nguruwe, na kama haijawahi, kwa nini unaficha habari njema? Chukua kadibodi, andika kila chakula na vilivyomo: karanga, uduvi, sosi ya samaki, yai, maziwa kama yapo. Ibandike dirishani, ipige picha, mtumie kila anayeagiza kwa simu. Kama unasaga rojo mwenyewe, tengeneza moja lisilo na uduvi, na dada huyo mpelekee taarifa wewe mwenyewe. Kama unanunua la kopo, soma maandishi ya nyuma kabla hujaahidi kitu.

Sasa harufu ya dagaa. Mama wa Butimba ana pua nzuri. Sosi ya samaki hutengenezwa kwa samaki wadogo waliolazwa na chumvi kwa muda mrefu, mwaka na zaidi, mpaka maji yao yanakuwa sosi. Ni ndugu wa kile tunachokinusa tukipita Mwaloni Kirumba dagaa wakiwa wameanikwa. Watu wa Mwanza hawaogopi harufu ya samaki, tumelelewa nayo. Kinachowashtua ni kuikuta mahali ambapo hawakuitegemea. Mtu amefungua kontena akitarajia tambi, harufu iliyofungiwa ndani njia nzima inampiga usoni kwa mkupuo. Ukikaa mezani Bangkok huipati hivyo, kwa sababu mvuke ulikwisha kutoka jikoni. Kwa hiyo usipunguze sosi, itie mapema. Itie karai likiwa na moto mkali, iache ichemke na kuingia kwenye tambi, usiimwage mwishoni ukiwa tayari unafunga. Na mteja mgeni mwambie mapema kuna sosi ya samaki ndani. Asiyeitaka kabisa mpikie kwa sosi ya soya. Hata Wathai wasiokula nyama na samaki hupika hivyo.

Kuhusu uchachu, utamu na ukali, nakuomba ukumbuke kitu ambacho bila shaka ulikiona Dar es Salaam. Kwenye meza za tambi za Wathai huwekwa vikopo vinne: sukari, pilipili kavu ya unga, siki yenye pilipili mbichi ndani, na sosi ya samaki. Mpishi anakupa chakula kikiwa katikati, wewe unamalizia kwa ulimi wako. Hakuna anayemwita mpishi kusema ni chachu. Wewe huna meza, basi vile vikopo vimepotea njiani, na kazi yote ya kumridhisha mama wa Mkolani na mwanafunzi wa Malimbe imekuangukia kichwani. Ndiyo maana kila ukivuta huku, kule kunalalamika. Virudishe. Kila oda iende na kipande cha ndimu, sukari kidogo kwenye karatasi, pilipili ya unga kwenye nyingine, na siki yenye pilipili kwenye kikopo kidogo chenye mfuniko. Pika pad thai moja, ile unayoijua, na uache kuibadilisha kila wiki. Ukali wamalizie wenyewe. Haya siyo maridhiano ya Mwanza, ndivyo chakula hiki kinavyoliwa kwao.

Kari ya kijani kuwa nyepesi ni sawa, ndivyo ilivyo. Hapa kwetu mchuzi mwepesi ni dalili ya mpishi mchoyo wa nazi au nyanya, kwa hiyo mtu anakuhukumu kabla hajaonja. Funga wali peke yake na kari peke yake, waambie wamimine kidogo kidogo wakati wa kula. Ukitaka kitu kizito cha kuwavutia, ipo kari ya massaman: tui la nazi, viazi, nyama ya ng'ombe au kuku, iliki, mdalasini, karafuu. Mla pilau ataijua kwa harufu kabla hajaiona. Ina karanga, kwa hiyo iingie kwenye kadibodi yako. Na hesabu gharama vizuri, maana nazi inatoka pwani, ikifika Mwanza imeshapanda bei.

Vijiti usinunue. Wathai wenyewe hula wali kwa kijiko na uma. Vijiti ni vya tambi za supu zaidi. Mjibu huyo mteja kwa upole, atafurahi kujua.

Sasa niende kwa huyu anayesema tambi zimegandamana, kwa sababu nadhani yeye ndiye aliyekuambia jambo kubwa kuliko wote ukimwondoa mama wa mtoto. Wewe unauza chakula ambacho huwahi kukiona kikiliwa. Unakiona kikitoka kwenye karai, kinang'aa, tambi zimeachana, chipukizi za maharage bado zinalia mdomoni. Mteja anaona kitu kingine. Tambi za mchele zikipoa hushikana, na kontena ukilifunga kabisa mvuke unageuka maji, unadondoka kutoka kwenye mfuniko na kulowesha kila kitu. Bodaboda naye ana abiria wa kushusha kwanza, kisha kuna kilima na mawe. Fanya hivi: kesho mchana fungasha pad thai moja kama ya mteja yeyote, mpe bodaboda wako wa kila siku aende nayo mpaka Luchelele na kurudi, usimwambie ni ya nini. Ikirudi ifungue, kaa chini, uile yote. Usionje tu, ile. Utajua mwenyewe ni malalamiko mangapi ya wateja yalikuwa ya mapishi na mangapi yalikuwa ya safari.

Najua mambo kadhaa utakayoyaona. Chipukizi na karanga zinatakiwa zisafiri pembeni. Kontena linataka vitundu viwili vitatu vya kupumulia. Tambi zitolewe jikoni zikiwa na ugumu kidogo, maana zitaendelea kuiva kwa joto lao. Papai lisichanganywe na maji yake ya ndimu mpaka mteja achanganye mwenyewe, la sivyo linafika limelegea limeelea. Tom yum iende kwenye chombo cha mfuniko wa kukaza. Usiitie supu ya moto kwenye kifuko cha nailoni, na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, usije ukatozwa faini kwa kuokoa shilingi mia. Na kuna nyumba ambazo ni mbali mno kwa tambi. Kari na tom yum zinavumilia safari, pad thai haivumilii. Mteja wa Isamilo mwambie ukweli huo, mshauri achukue kari.

Ukishafanya hayo, badilisha namna ya kuuliza. Usiulize "umekionaje chakula?" Mtu akiulizwa hivyo anatafuta kitu cha kusema. Uliza, "Kilikufikia kikiwa cha moto? Ulibakiza nini kwenye kontena?" Alichobakiza mtu kina ukweli kuliko anachosema. Wote wakibakiza chipukizi, umejua. Na sikiliza zaidi aliyeagiza mara ya pili, ya tatu. Kaka wa Bangkok mpende, lakini usimfanye bosi. Yeye anatafuta ladha ya mahali alipokaa, na ukimpikia yeye peke yake utafunga. Wale wa Malimbe nawapa uzito mkubwa. Ni vijana, boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likiingia wanaagiza, wanarudi, na wanakuambia bila haya. Yule anayesema kwa jirani yake bila kuwahi kula, mwache.

Bei. Baba wa sato ana haki ya kulinganisha, kila mtu mwenye familia analinganisha. Usimwambie hajui chakula cha kimataifa. Lakini wewe nawe unanunua tui, sosi ya samaki na tambi za dukani kutoka mbali. Ukishusha bei utakuwa unawalisha watu kwa mtaji wa shemeji yako. Ongeza chakula kimoja cha bei ya chini ambacho bado ni cha Kithai: wali wa kukaanga na yai, vitunguu na vipande vya sato, pembeni tango na ndimu. Hivyo ndivyo Wathai wanavyoula, na mchele wa kanda yetu ni mzuri. Angalizo moja tu. Wali huo hukaangwa vizuri ukiwa wa jana, na wali wa jana una hatari, kwa sababu kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa nje kwenye joto vinazaana na kutoa sumu ambayo kukaanga hakuiondoi. Utandaze upoe haraka, uingie kwenye friji mapema. Umeme ukikatika usiku kucha, wali huo usiwe wa mteja wala wa mtoto wako.

Shemeji yako amekukopesha fedha, kwa hiyo anastahili heshima na hesabu. Mwonyeshe daftari: oda za wiki, waliorudi, kilichobaki baada ya gesi na viungo. Mwombe miezi mitatu ya kujaribu haya, na mwambie lini utaanza kurejesha. Wazo la marafiki kusifu chakula wasichokula likatae, na likatae mbele ya mume wako ili asikie. Mtaa mmoja watu wanajuana. Atauliza mtu, "Uliagiza lini? Ulikula nini?" Hapo hata sifa ya kweli ya wanafunzi wako itaonekana ya kununuliwa, na mama wa mtoto aliyevimba atasoma sifa hizo akiwa na lake moyoni.

Chipsi sikushauri. Nyegezi ina wauza chipsi kila kona, nao wana wateja wao na mafuta ya bei ya jumla, utaanza nyuma ya wote. Kithai mnapika wangapi hapo mtaani? Mume wako mwulize usiku watoto wakilala, mwulize yeye anapenda kipi kati ya vile vinne, na kwa nini. Kama hajawahi kula vyote, mpikie.